Samaki Hana Saa: Kisa cha Zamu za Jioni katika Kiwanda Kimoja cha Samaki Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika kiwanda cha kukata na kufungasha minofu ya mbuta (sangara), upande wa viwanda mjini Kisumu, kati ya mwanzo wa Februari na mwisho wa Machi. Niliitwa na usimamizi pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi, ili nisikilize kila upande na kupendekeza njia kabla ya mgogoro wa saa za kazi kufika kwa afisa wa leba. Jina la kiwanda nimeliacha, na mfanyakazi aliye katikati ya kisa nitamwita Mama Baraka, jina ambalo si lake. Hesabu za kiwandani zilizomo humu nimezitoa katika daftari na hati nilizoonyeshwa za majuma hayo manane.

Mambo yalivyokuwa

Mama Baraka ana umri wa miaka 29 na amefanya kazi kwenye laini ya visu kwa miaka minne, kwa mikataba ya miezi sita sita ambayo imekuwa ikifanywa upya bila maneno mengi. Kazi ya laini hiyo ni ya ustadi. Mbuta hufika akiwa amezikwa katika barafu, hupimwa, huoshwa, kisha hupandishwa mezani. Mkataji hutia kisu nyuma ya kichwa, akakishusha hadi kwenye uti, akakitelezesha kando ya mifupa mpaka mkiani, kisha akamgeuza samaki na kurudia upande wa pili. Mkataji mzuri huiacha mifupa ikiwa karibu myeupe, kwa kuwa nyama inayobaki hapo ni hasara ya kiwanda na faida ya akina mama wa mtaa wa Obunga, ambao huinunua kwenye geti la nyuma, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Msimamizi wa zamu alikiri mbele yangu, bila kuulizwa, kwamba mifupa ya Mama Baraka ndiyo ambayo akina mama hao huilalamikia zaidi.

Mkataba wake ulisema kwamba kazi huanza saa moja asubuhi na kuisha saa kumi jioni, siku sita kwa juma, na saa moja ya chakula katikati. Yaani saa 48 kwa juma, kwa malipo ya shilingi 880 kwa siku. Maisha yake ya nyumbani yalikuwa yamefungwa juu ya saa hizo kama mzigo unavyofungwa kwenye baiskeli. Ana watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la PP2, mwaka wa pili wa chekechea, katika shule iliyo karibu na nyumbani, Manyatta, na hutoka adhuhuri. Msichana wa jirani humchukua na kumpeleka deikea, ambako mdogo wake wa miezi 14 hushinda tangu asubuhi. Deikea hiyo hufungwa saa kumi na moja na nusu, na mzazi anayechelewa hutozwa shilingi 50 kwa kila nusu saa. Baba wa watoto ni utingo wa trela za kuelekea Busia na Malaba, na hakuna ajuaye foleni ya mpakani itamrudisha lini.

Mwishoni mwa Januari kiwanda kilipata meneja mpya wa uzalishaji. Alikuta tatizo la kweli: magari ya samaki yalikuwa yakichelewa, wakataji wakitoka saa kumi, na samaki wakilala kwenye barafu hadi kesho yake, jambo linalopunguza ubora wa minofu na bei yake. Hapo awali msimamizi alikuwa akiomba wanaotaka kubaki wabaki, nao walilipwa ovataimu. Meneja alibandika tangazo kwenye ubao. Tangazo lilisema kwamba kuanzia Jumatatu iliyofuata kila mfanyakazi wa laini ya visu angebaki hadi samaki wa siku hiyo aishe. Kwamba atakayeondoka kabla ya hapo mara tatu kwa mwezi angepewa barua ya onyo. Na kwamba asiyeondoka hata mara moja angepata zawadi ya shilingi 2,000 mwisho wa mwezi. Neno ovataimu halikutajwa, na kuanzia wiki hiyo halikuonekana tena kwenye hati za malipo.

Katika majuma manane yaliyofuata, gari lilichelewa siku 17. Mama Baraka alibaki hadi mwisho katika siku 10 kati ya hizo, na katika siku saba aliondoka karibu saa kumi na moja. Februari aliondoka mara nne, akapata barua ya kwanza ya onyo. Machi mara tatu, akapata ya pili. Alipojaribu kujieleza, msimamizi alimjibu kwa maneno ambayo nilikuja kuyasikia tena na tena kiwandani humo: "Mama Baraka, samaki hana saa." Naye akamjibu, "Lakini mtoto anayo, bosi." Hakuna mmoja wao aliyekosea, na ndiyo maana mazungumzo yao yaliishia hapo.

Mkataba ulipokwisha mwishoni mwa Machi, aliitwa ofisini na kupewa mwingine. Kazi iliyoandikwa humo haikuwa ya kisu tena, ilikuwa ya kuosha kreti na sakafu, kwa shilingi 800 kwa siku. Sababu haikuandikwa. Alikataa kutia sahihi, akaomba aandikiwe sababu, na mwakilishi wa wafanyakazi akasimama naye.

Wengine waliokuwa katika kisa hiki

Ingekuwa rahisi kukiandika kisa hiki kama ugomvi kati ya mama mmoja na meneja mmoja. Nilipokaa na wafanyakazi mmoja mmoja, nilikuta kwamba amri ile ilikuwa imegusa watu wengi kwa namna zisizofanana.

Alikuwako binti wa miaka 23, asiye na mtoto, ambaye alibaki siku 14 kati ya zile 17. Alikuwa amejiandikisha katika chuo kimoja mjini kusoma uhasibu jioni, siku za Jumanne na Alhamisi, kwa karo aliyoilipa mwenyewe kutoka kwenye mshahara wa kisu. Jumanne nyingi alizikosa. Sababu aliyopewa ni kwamba msimamizi, akitaka kuwaachia akina mama wawili watatu aliowaonea huruma, alihitaji mikono ya kuziba mapengo yao. "Aliniambia, wewe bado uko peke yako, kaa," binti huyo alinieleza. Hakuwa na kinyongo na akina mama wenzake. Alichouliza ni nani aliyepiga hesabu na kuona kwamba jioni zake hazina thamani.

Hao akina mama walioachiwa nao walikuwa na lao. Mmoja alisema kwamba kila ruhusa ya bosi ni deni. Ukiruhusiwa Ijumaa, Jumatatu huwezi kulalamika glavu zikiwa zimetoboka. Ruhusa hizo hazikuandikwa popote, zilitolewa kwa kuitikia kwa kichwa, na zilienda kwa walioomba kwa unyenyekevu uliompendeza msimamizi. Mama Baraka si mtu wa kuomba hivyo. Ninaamini kwamba tabia hiyo ndiyo iliyomletea barua za onyo ambazo wenzake wawili, waliokuwa wakitoka mapema kumzidi, hawakuzipata.

Tena alikuwako mwanamume wa chumba cha baridi, baba wa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye aliomba nusu siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Jibu alilopata lilikuwa swali: "Mkeo yuko wapi?" Mkewe anauza nyanya Kibuye, na siku ya kliniki iliangukia siku ya soko. Sikukusudia kumhusisha mtu huyu, kwa sababu hayuko kwenye laini ya visu, ila swali aliloulizwa lilinionyesha jambo moja ambalo tangazo la ubaoni lilificha. Kiwandani humo malezi yalihesabiwa kuwa ni mambo ya wanawake: mwanamke aliyekuwa nayo alionekana mfanyakazi asiyetegemewa, na mwanamume aliyekuwa nayo alionekana kwamba anatafuta kisingizio.

Daftari la getini

Kauli ya meneja ilikuwa moja na aliisimamia kwa uungwana. Samaki hutoka ziwani, ziwa lina upepo na mawimbi, wavuvi hufika ufukweni watakapofika, na kiwanda hakiwezi kupanga kisichopangika. Mtu asiyeweza kukaa hadi samaki aishe, alisema, hafai kazi ya samaki, na kumhamishia kwenye kuosha kreti, kazi iliyo na saa maalumu, ilikuwa ni kumsaidia.

Ningeikubali hoja hiyo kama si jambo dogo nililoliona kwenye geti la nyuma. Siku ya kwanza niliyofika, Jumatano, akina mama wa mgongo wazi walikuwa wamekwisha kupanga beseni zao ukutani saa sita mchana. Ijumaa nilipita hapo saa ile ile na sikumkuta hata mmoja. Walikuja saa kumi. Nilimwuliza mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa ameketi juu ya beseni aliyoipindua, alijuaje kwamba leo samaki atachelewa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. "Karani hutupigia asubuhi," alisema. "Tutakujaje kukaa hapa bure, mwanangu?"

Basi tulifungua madaftari. La getini lilionyesha saa ambayo kila gari liliingia na saa ambayo wafanyakazi walitoka. La karani wa ununuzi lilionyesha simu alizopigiwa na madereva kutoka ufukweni. Katika siku 48 za kazi, gari liliingia baada ya saa nane mchana siku 17, kama nilivyotangulia kusema. Siku 13 kati ya hizo zilikuwa Jumanne au Ijumaa. Hizo ni siku ambazo magari huzunguka fuo za mbali, upande wa Usenge na Port Victoria, yakikusanya kidogo kidogo, tofauti na siku nyingine ambapo huchukua mzigo kwa wakala mmoja na kurudi. Kwa kuwa Jumanne na Ijumaa za majuma manane ni 16, gari lilichelewa katika 13 kati ya 16. Katika siku nyingine 32, lilichelewa mara nne tu. Zaidi ya hayo, katika siku 15 kati ya 17 karani alikuwa amekwisha kujua kabla ya saa nne asubuhi kwamba gari litachelewa, na alikuwa amewapigia akina mama wa Obunga, wenye malori ya barafu na dereva wa kupeleka minofu uwanja wa ndege. Wakataji waliambiwa saa tisa, msimamizi alipopita kati ya meza akipiga makofi.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka, na ninaomba msomaji atulie hapa kidogo. Samaki alikuwa na saa. Saa yake ilijulikana na kila mtu aliyekuwa na uwezo wa kukiletea kiwanda hasara kwa kutokuja, na ilifichwa, bila nia mbaya, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mkataji wa samaki naye ana jambo la kupanga. Mama Baraka hakuwahi kudai afanye kazi saa chache kuliko wenzake. Zile siku 10 alizobaki, alimlipa jirani shilingi 100 kila jioni awatoe watoto deikea na kuwalisha. Zile saba alizoondoka ni siku ambazo jirani hakupatikana kwa sababu alitafutwa saa tisa mchana, huku mkataji akiwa na glavu zilizoloa damu ya samaki na simu ikiwa kabatini. Angeambiwa saa nne asubuhi, aliniambia, pengine angekosa siku moja au mbili.

Kisha ikaja hesabu ya fedha, ambayo sikuitarajia. Jioni hizo zilichukua wastani wa saa mbili. Mshahara wa shilingi 880 kwa saa nane ni shilingi 110 kwa saa, na ovataimu ya siku za kawaida, kwa kiwango cha mara moja na nusu kilichomo katika Agizo la Jumla la Mishahara, ni shilingi 165. Mwezi wa siku nane au tisa za kuchelewa ulikuwa na karibu saa 17 za ziada, yaani shilingi 2,805. Aliyebaki kila siku na kupewa "zawadi" ya shilingi 2,000 alikuwa amepunjwa shilingi 805 na kushukuru juu yake. Mama Baraka, aliyefanya kazi saa 20 za ziada katika miezi miwili, hakupata hata senti, na jirani alikuwa amekwisha kumla shilingi 1,000. Kwa maneno mengine, alikuwa akilipa ili afanye kazi.

Meneja alileta hoja ambayo haikuwa ya kupuuzwa. Agizo hilo huruhusu juma la kawaida la hadi saa 52, naye alidai kwamba saa nne za kwanza zinazozidi 48 hazikuwa ovataimu. Jibu lilikuwa kwenye makaratasi ya kiwanda chenyewe: mkataba ulitaja saa kumi jioni kuwa mwisho wa kazi, mshahara ulikuwa wa siku ya saa nane, na hati za malipo za mwaka uliotangulia zilikuwa zikilipa ovataimu kuanzia saa hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria hakigeuki kuwa kiwango cha mkataba kwa sababu meneja mpya amekisoma.

Sheria inavyokitazama kisa hiki

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja kwa misingi iliyotajwa, ikiwemo jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Kuwa na mtoto wa kulea hakumo katika orodha hiyo. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba mzima, namba 156 wa mwaka 1981, unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, lakini sheria yetu ya ajira haikuyataja majukumu hayo kwa jina. Kwa hiyo mzazi wa Kenya anayetaka kulalamika hulazimika kuingia kwa mlango mwingine, na mara nyingi mlango huo ni jinsia.

Katika kisa hiki mlango huo ulikuwa wazi kuliko nilivyodhani. Laini ya visu ilikuwa na watu 26, wanawake 17 na wanaume tisa. Katika miezi miwili watu saba walipewa barua za onyo. Sita walikuwa wanawake, na wote sita walikuwa na watoto wa chini ya miaka sita. Zawadi ya Februari ilikwenda kwa watu 11: wanaume saba kati ya tisa, na wanawake wanne kati ya 17. Tangazo halikumtaja mwanamke wala mama. Lilisema "kila mfanyakazi", na meneja aliliegemea neno hilo kama ngao. Ila maneno "au kwa njia isiyo ya moja kwa moja" yaliwekwa katika sheria kwa ajili ya kanuni za namna hii hasa, zilizo sawa kwenye karatasi na kuwaangukia watu wa upande mmoja zinapoanza kazi. Mwajiri huweza kujitetea kwamba kanuni ilihitajika kwa kazi yenyewe. Lakini sheria hiyo inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, na mwajiri ambaye karani wake aliijua saa ya samaki tangu asubuhi angekuwa na kazi ngumu kuthibitisha kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Katiba ya 2010 nayo inapita humo humo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, na cha 53 kinasema kwamba jukumu la kumtunza mtoto ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu hicho cha mwisho ndicho nilichomsomea msimamizi kuhusu yule baba wa chumba cha baridi. Swali la "mkeo yuko wapi" lina jibu la kikatiba.

Kuhusu kubadilisha saa za kazi, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, aurekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo la ubaoni si mashauriano. Suala la mkataba mpya wa kuosha kreti lilikuwa gumu zaidi, na nilimweleza Mama Baraka waziwazi. Kwa kawaida mahakama zetu husema kwamba mkataba wa muda maalumu huisha unapoisha, na kwamba aliyekuwa nao hana haki ya kudai ufanywe upya isipokuwa mwajiri amempa sababu ya msingi ya kutarajia hivyo. Mikataba minane mfululizo ni hoja, lakini si hoja ya kulalia usingizi. Alikuwa na nguvu zaidi kwa kusema kwamba masharti duni aliyopewa yalitokana na kanuni yenye ubaguzi, kuliko kusema kwamba alikuwa na haki ya kurudishwa kwenye kisu kwa sababu tu alikuwepo jana.

Limebaki jambo la maziwa, ambalo lilijitokeza siku ya tatu, tena kwa aibu, mwakilishi wa wafanyakazi alipokuwa ametoka nje. Mama Baraka bado alikuwa akinyonyesha. Sheria ya Afya ya 2017, katika vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi, muda ambao huhesabiwa kuwa wa kazi na kulipwa. Kiwandani humo alikuwa akikamua katika chumba cha kubadilishia nguo, amesimama kati ya gambuti nyeupe zilizopangwa ukutani, ndani ya kikombe cha plastiki, kisha akayamwaga maziwa kwenye sinki kwa kuwa hapakuwa na pa kuyaweka. Kanuni za usafi haziruhusu maziwa kuingizwa katika vyumba vya samaki, na hilo ni sawa. Lakini mtambo wa barafu wa kiwanda hicho hutoa barafu usiku na mchana, na kisanduku kimoja chenye kifuniko kingetosha. Nilipomweleza meneja, alinyamaza muda mrefu. Yeye ni baba wa watoto watatu, na nyumbani kwake kuna yaya anayelala humo humo. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba maziwa yana mahali pa kwenda mama anapokuwa kazini.

Kilichokubaliwa

Kikao cha mwisho kilichukua asubuhi nzima. Usimamizi ulifuta barua zote saba za onyo, kwa kuwa haikuwezekana kuzifuta za baadhi na kuziacha za wengine. Zawadi iliondolewa na ovataimu ikarudishwa, pamoja na malipo ya nyuma ya majuma manane kwa kila aliyebaki, baada ya kukata zawadi iliyokwisha kulipwa. Karani wa ununuzi alipewa jukumu la kuandika kwenye ubao, kabla ya saa nne asubuhi, saa ambayo gari la siku hiyo linatarajiwa na ufuo linakotoka.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya zamu za Jumanne na Ijumaa. Mwakilishi wa wafanyakazi alitaka wenye watoto wadogo wasamehewe kabisa. Nilipinga, na najua kuna waliokasirika. Msamaha huo ungewarudisha akina mama katika hali ya kuachiwa kwa huruma, ungeziandika jioni za yule binti wa uhasibu kuwa mali ya kiwanda, na baada ya miezi michache meneja yeyote angepata sababu ya kutoajiri mwanamke kwenye laini ya visu. Tulikubaliana laini igawanywe makundi mawili. Kila kundi hubaki jioni moja kati ya hizo mbili kwa juma. Kundi linalobaki huanza kazi saa tatu asubuhi siku hiyo, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna samaki wa kuwatosha watu 26, na lile jingine hutoka saa kumi. Orodha hubandikwa majuma mawili kabla. Anayetaka kubadilishana zamu na mwenzake huandika daftarini kabla ya saa sita mchana na haulizwi sababu. Kipengele hicho cha kutoulizwa sababu kilimsumbua msimamizi kuliko vingine vyote, na kwangu ndicho kilichokuwa cha maana zaidi, kwa kuwa kinawapa haki moja mwenye mtoto, mwenye masomo na mwenye mama mgonjwa kijijini, wala hakimlazimu yeyote kuianika nyumba yake mezani kwa bosi.

Meneja aliuliza itakuwaje gari likichelewa siku nyingine, kama ilivyotokea mara nne. Jibu ni kwamba siku hizo huombwa wa kujitolea kwa ovataimu, kama zamani. Katika mwezi wa kwanza baada ya makubaliano, ilitokea mara mbili, na mara zote mbili watu walipatikana. Mmoja wao alikuwa Mama Baraka, baba wa watoto akiwa amerudi kutoka Malaba.

Yeye mwenyewe alirudi kwenye kisu kwa shilingi zake 880, lakini mkataba wake bado ni wa miezi sita, na usimamizi ulikataa katakata kuzungumzia mkataba wa kudumu. Baba wa selimundu aliruhusiwa kuchukua likizo yake ya mwaka kwa nusu nusu siku, jambo linalomfaa mtoto lakini linalomla yeye siku zake za mapumziko, na sikufanikiwa kupata zaidi ya hapo. Chumba cha maziwa ni stoo ya zamani ya sabuni iliyotiwa kitasa, kiti na kisanduku cha barafu. Binti wa uhasibu aliwekwa kundi la Ijumaa.

Orodha ya kwanza ilipobandikwa, Mama Baraka aliinakili kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mwanawe na kumpelekea mwenye deikea. Mama yule aliisoma yote, akahesabu Jumanne kwa kidole, akasema kwamba kwa siku anazozijua mapema hawezi kumtoza faini; atampikia mtoto uji wa jioni na kumdai shilingi 30. Karatasi ameibandika nyuma ya mlango, na wazazi wengine wawili wameuliza kama na wao wanaweza kuleta za kwao.